Sifa Iliyokatwa kwa Mkasi

MAMA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, nina sabuni mikononi.

BINTI: Mimi, Mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba. Umemaliza kusahihisha kile kitabu chenu?

BINTI: Ndicho kilichonifanya nipige. Uhakiki wote wa marehemu Gwiji, kurasa mia nne. Alikuwa na ulimi yule mzee! Kamwambia mshairi mmoja arudi akalime.

MAMA: (Kicheko.) Na heri angelima.

BINTI: Baba yupo karibu?

MAMA: Kaenda kwa kinyozi. Anawatangazia watu atatoka kwenye kitabu kimoja na Gwiji. Kwani vipi?

BINTI: Nimefika anapoihakiki riwaya ya Baba. Ile sifa aliyoitia fremu sebuleni—

MAMA: "Sijapata kusoma kitabu kama hiki."

BINTI: Inaendelea, Mama.

(Mtandao unakwaruza.)

MAMA: Najua.

BINTI: "...na nikijaliwa, sitasoma kingine. Shujaa anakufa ukurasa wa tano, nami nikamwonea wivu."

MAMA: Si nimekwambia najua! Unadhani nani alikata lile gazeti? Mimi, kwa mkasi wa kushonea, kabla hajaamka. Mtu kaandika miaka sita, ningefanyaje?

BINTI: Umeficha miaka thelathini?

MAMA: Futa huo ukurasa.

BINTI: Siwezi! Mimi nasahihisha makosa tu—

MAMA: Na hilo si kosa? Ataumia, mwanangu. Kwa umri huu!

BINTI: Basi toa fremu ukutani, asije akalinganisha.

MAMA: Ngoja nipande kiti... Lo, vumbi! Mgongo wake umebanduka. Kuna... subiri.

BINTI: Haloo? Mama?

MAMA: Kuna gazeti humu nyuma. Lile lile. Zima, halikukatwa.

BINTI: Kaweka nani?

MAMA: Baba yako. Kaandika pembeni, mwandiko wake huu wa kuku.

BINTI: Soma basi, salio linaisha!

MAMA: "Amekata ili nisiumie. Asijue nimenunua jingine. Mkasi wenyewe butu."

(Mama anavuta kamasi.)

BINTI: Unalia?

MAMA: Nalia, nacheka, sijui. Mzee mjanja huyu! Miaka yote ananitazama nikipangusa kioo... Ee, huyo, anafungua geti! Acha nirudishe—

BINTI: Na ukurasa je?

MAMA: Uache! Gwiji alisema kweli. Hata mimi sijawahi kuvuka ukurasa wa ta—

(Salio limekwisha.)