Mchenza wa Mama Advera

Bi. Advera Mihayo anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya bustani hapa Tabora kwa miaka ishirini na tisa. Wasifu wa namna hii huandikwa kifua mbele. Huu unaandikwa macho chini, na sababu yake mtaisoma.

Alizaliwa Sikonge katika ukoo wa warina asali, akaanza kwetu mwaka 1996 kwa kumwagilia maji. Kazi yetu ni kutunza miti ya matunda inayopandwa ili ipendeze macho: mikomamanga kwenye malango ya maduka, milimao na michenza kwenye nyua za watu. Hakukawia kukabidhiwa mkasi wa kupogolea, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwomba hata auazime. Mlimao wa Mzee Fakhrudin aliufanya mviringo kama chungu, mpaka wateja wakawa wanaingia dukani kuulizia mti badala ya vitambaa.

Siku moja nyuki walitua kwenye mkomamanga wa mteja, Mama Advera akiwa juu ya ngazi. Meneja wetu, Bwana Jigar, alijifungia garini akapiga honi kuomba msaada. Mama Advera alishuka taratibu, akaenda kumwomba aache honi, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikiwaudhi nyuki. Bwana Jigar mwenyewe huisimulia hadithi hii mara nyingi kuliko sisi.

Lakini kilichotutangaza ni mchenza wa uani kwetu ofisini. Aliubebesha mwenyewe, kikonyo cha mchenza kikiungwa juu ya shina la mlimao, akaulea hadi ukawa mti ambao kila mteja mpya alionyeshwa kwanza.

Jumatatu wiki hii kamati ya sherehe ya kumuaga, ambayo mimi ni katibu wake, iliwaita wenye turubai waje kupima. Kwa vipimo vyao, nguzo ya kati ikaangukia penye mchenza. Ofisi nyingine ingelazimika kutafuta mkataji, na pengine angekuja mwenye akili. Sisi misumeno tunayo. Kabla ya chai ya saa nne mti ulikuwa chini, na machenza mabivu yametapakaa uani. Mama Advera alikuwa msibani Puge. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza inakuwaje tunamkatia mtu mti wake ili tupate mahali pa kumsifu.

Aliporudi Jumatano tulimwamkia shikamoo, wote kwa pamoja. Aliokota chenza moja, akalifuta vumbi, akaliweka juu ya kisiki. Kisha akatundika mkasi wake stoo, akaondoka. Jioni akamtuma dereva wetu, Amon: "Kawaambie mimi chini ya turubai lile sikai."

Tumeaibika, wala hatuna cha kusingizia. Majuto ni mjukuu, lakini wetu alizaliwa siku ileile. Tuliwatuma Bi. Flavia na Bwana Xavery wakamwombe radhi. Waliambiwa karibuni, wakalishwa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa karanga, wakaulizwa habari za watoto. Kila walipoigusia sherehe, sahani ikaongezwa. Wakarudi wameshiba, jibu hawana.

Turubai tumeghairi. Keshokutwa, Jumamosi, tutakaa juani, na kiti cha mbele ni cha Mama Advera. Ikifika saa nane hajatokea, tutabeba masufuria na zawadi yake hadi kwake Cheyo, tukamwombe msamaha mlangoni, majirani wakisikia. Pilau haitaonjwa na mtu kabla yake.

Mama Advera, asante kwa kila ua na kila duka ulilolipendezesha, na asante kwa kutufundisha kazi, ingawa wiki hii hatukuonekana watu waliofundishwa. Nenda kapumzike salama. Tunakuombea maisha mema na kivuli tele nyumbani kwako. Chetu tulikikata wenyewe.