Sauti Yangu Msiwape Wauza Magari

Sogeeni karibu, wanangu, kila mmoja upande wake wa kitanda, kwa sababu sauti niliyobaki nayo haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitaki myasikie nusu halafu mje kubishana nani alisikia nini. Daktari ameondoka sasa hivi, na nimeona alivyokukwepa macho, binti yangu, ulipomuuliza kuhusu wiki ijayo. Nimekula chumvi nyingi, sihitaji mkalimani. Nipeni maji kidogo, kisha mninyamazie mpaka nimalize.

Ya mali ni machache, niyatoe njiani kwanza. Nyumba hii ni yenu wawili, na msije mkajenga ukuta katikati kama majirani zetu, mkaishi mkisikilizana vikohozi bila kusalimiana. Cherehani na kabati la vyombo ni vyako, binti yangu. Pikapu ya marehemu baba yenu ni yako, mwanangu mkubwa, na usitabasamu hivyo. Najua unaionea aibu, mlango mmoja una rangi yake na kiti kinachoma mgongo, lakini imetubeba miaka ishirini na sita, ilimpeleka baba yenu hospitali na ndiyo iliyomrudisha nyumbani tukamzika, haijatulaza njiani hata siku moja, na katika miaka yote hiyo sijamsikia mtu akiisifu redioni. Hilo la kusifu magari redioni ndilo lililonifanya niwaite wote wawili leo.

Mnajua kwamba mama yenu alikuwa mtangazaji. Msichojua ni nilivyoanza. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kusoma matangazo ya vifo, saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari. Watu waliweka vijiko chini wakasikiliza. Sikulia, sikuharakisha, nilitaja jina la kila marehemu kana kwamba nilikuwa namjua, na wafiwa waliniandikia barua kunishukuru. Basi siku moja akaja ofisini mkurugenzi wa matangazo wa kampuni ya magari, mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno laini, akaniambia bila kuficha: "Dada, wewe ndiye uliyewaambia watu hawa kwamba baba zao wamekufa, na hujakosea hata mara moja. Ukiwaambia gari ni zima, nani atauliza tena?" Maneno hayo yalitosha kumtia mtu hofu. Mimi yalinifurahisha.

Niliyopewa kusoma yalikuwa machache. "Panda bila wasiwasi. Litakufikisha." Nilirudia mara kumi na moja mpaka akaridhika, kwa sababu alitaka nishushe sauti mwishoni, vilevile ninavyoishusha kwa marehemu. Mwezi haukuisha, nikawa nikiuliza bei ya nyanya sokoni watu wanageuka, wanaambiana, ni yule mama wa litakufikisha. Sitawaambia kwamba shida ndiyo iliyonisukuma. Tulikuwa tunakula na kushiba. Nilipenda kugeukiwa, basi, na mtu akishaonja hilo si rahisi kulitema.

Sasa nifike kwa mjomba wenu. Msinikunjie nyuso. Wakati ule alikuwa fundi kwenye gereji ya kampuni hiyohiyo, kijana wa mikono mizuri, mdogo wangu niliyembeba mgongoni mama yetu alipofariki. Jumapili moja mchana alikuja nyumbani na ovaroli yake, akaweka juu ya meza niliyokuwa nakatia nguo kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ilikuwa pampu ya mafuta.

"Dada," akasema, "hii ni ya kumi na nne mwezi huu."

Nikamuuliza ina ubaya gani, mbona naiona mpya.

"Ni mpya, ndiyo. Jua likiwa kali na mlima ukiwa mrefu, inakufa. Injini inazima, usukani unakuwa mzito, na breki ukishaikanyaga mara mbili tatu inakuwa kama unakanyaga ukuta. Sisi mafundi gari hili tunaliita Bibi Harusi, halitoki bila wa kulisindikiza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wakubwa zako wanajua?"

"Wanajua. Tumeambiwa tuandike kwamba wenye magari wanatia mafuta machafu. Mimi nikisema, ni fundi mmoja amekasirika. Wewe ndiye watu wanayekuamini. Nasikia wiki ijayo unarekodi tangazo jingine. Usilisome, dada."

Nikamjibu kwamba mimi si fundi, kazi yangu ni kusoma kilichoandikwa na mwenye kuandika ndiye mwenye kujibu. Aliniangalia kidogo, akaifunga pampu yake kwenye gazeti, akaondoka bila kugusa chai niliyomwekea. Na mimi nikaenda nikalisoma lile tangazo, wanangu, nikalisoma vizuri kuliko la kwanza.

Niinueni mto kidogo. Hapo. Panatosha.

Miezi saba baadaye niliingia studio saa saba kama kawaida, nikapewa karatasi zangu. Ya tatu ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi, yeye pamoja na mama yake mzazi, wamefariki kwa ajali ya gari mlimani wakitoka kliniki. Nikasoma, nikataja wafiwa mmoja mmoja, nikashusha sauti. Nilipofunga mdomo tu, fundi mitambo nyuma ya kioo akabonyeza kitufe chake, kama kila siku, na kwenye vile visikilizio nikajisikia mwenyewe nasema panda bila wasiwasi, kwa sauti ileile, kwa upole uleule, hata sikuweza kutambua msiba umeishia wapi na gari limeanzia wapi. Nilikaa pale nimeshika karatasi mpaka wakaja kunigusa bega.

Siku ya nne baada ya hapo nikaitwa mapokezi. Kulikuwa na mwanamke mwembamba amesimama, wamemwambia akae amekataa. Mke wa yule mwalimu. Aliniuliza, "Ni wewe?" nikamwambia ni mimi. Akasema mume wake hakuwa mtu wa kuamini ovyo, alikuwa na mpango wa kununua gari la mkononi, kuukuu lakini linalojulikana, kisha akabadili nia, akamwambia mkewe, huyu mama ndiye aliyemtangaza baba yangu alipofariki, huyu hasemi asichokijua. Halafu akaniambia, "Naomba uniambie yale maneno. Nataka niyaone yakitoka mdomoni."

Ningeweza kukataa. Ningeweza kumpigia magoti palepale mbele ya wenzangu. Niliyasema. Niliyasema kwa sauti ya studio, nikashusha mwishoni, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa haujui namna nyingine. Alinisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, akaniambia asante, akatoka. Hakunitukana. Nimengoja tusi lake miaka thelathini na minane.

Ajali zilipozidi iliundwa tume. Mjomba wenu alikwenda akaeleza yote mbele ya watu wote, ya pampu na ya mafuta machafu, akasema pia kwamba alimweleza dada yake kabla. Wakaniita. Mwenyekiti akaniuliza kama ni kweli ndugu yangu alinieleza, na mimi nikajibu neno moja: hapana. Mdogo wangu aliniangalia, wala si kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayeshuka ngazi akidhani kimebaki kidato kimoja, mguu ukakosa pa kukanyaga.

Akaonekana mwongo. Alifukuzwa kazi, na gereji zote kubwa zikamfungia mlango. Tume ikaandika mafuta machafu. Kampuni ikabadili pampu kimyakimya, ikauza gari lile miaka miwili tena, kisha ikaleta jingine lenye jina jingine. Na mimi, ili asije kukaa kwenye meza yangu akaniangalia tena vile, nikaanza kusema kwamba alitaka kuuza nyumba ya babu yenu nyuma ya mgongo wangu. Baba yenu nilimwambia hivyo akafa akiamini hivyo. Ninyi niliwalea nayo. Mmempita njiani bila kumsalimia tangu mkiwa na sare za shule, kwa neno langu, na neno lenyewe lilikuwa uongo. Hakuwahi kutaka hata tofali moja la nyumba ile.

Usilie, binti yangu. Nikikuona unalia sitamaliza.

Mnadhani nimekaa kwa amani? Tangazo lile halikufa. Kila wakileta gari jipya walilitoa walikolificha wakalipachika tena. Lilinikuta kwenye korido ya hospitali nimekushika wewe, binti yangu, una siku mbili. Lilinikuta kwenye duka la dawa siku ya tatu baada ya kumzika baba yenu. Mimi nazeeka, yule aliyemo ndani hazeeki. Siku hizi hata redio haihitajiki. Naosha vyombo peke yangu mchana, nyumba kimya, namsikia chumba cha pili anasema taratibu, anashusha sauti, nami nasimama na mikono yenye maji namsubiri amalize. Wakati mwingine baada ya maneno yake anataja majina. Sijawahi kuingia kuangalia.

Ndiyo maana, mwanangu mkubwa, uliponiletea ile karatasi ya kampuni, nikaisukuma ukadhani ni homa. Nilikuelewa vizuri. Wanataka sauti yangu ya ujana iwauzie gari lao jipya. Ulinibembeleza, ukasema, "Mama, wewe hutasema hata neno, mashine itajifunza sauti yako iseme yenyewe." Hapo ndipo uliponitisha. Nikiwa hai nilikuwa na uwezo wa kufunga mdomo, na siku niliyotakiwa kuutumia uwezo huo sikuutumia. Mkinizika mkaiuza sauti, nani ataufunga mdomo huo?

Sikatazi mtu kununua gari. Nunueni, mna miguu ya kuchoka kama wengine. Lakini kwanza mkamuulize mwenye gari la kuvuta magari mabovu ni lipi analivuta zaidi. Mkamuulize muuza vipuri ni kipuri cha gari gani kinachomwishia kila mara. Mkae kiti cha mbele kwenye teksi, dereva akishawazoea muulizeni ameshinda gereji siku ngapi mwaka huu. Hao hawana sauti nzuri, wengine watawajibu wanatafuna, ila wanasema walichokiona. Mkisikia sauti inawatuliza moyo kabla hamjauliza swali, hapo ndipo muulize maswali mengi.

Maji. Kidogo tu... inatosha.

Kanda zangu za studio zilikuwa tatu, kwenye sanduku, chini ya makoti ya baba yenu. Jana nilimwomba dada yako anifungulie. Makoti yamo. Kanda hazimo. Usiangalie chini, mwanangu, na usinieleze, kwa sababu najua maneno utakayosema, nimeyasema kabla yako. Utasema wewe umepeleka tu, hukuandika mkataba. Mimi sikuhukumu, nakutuma. Ondoka sasa, ukawakute kabla hawajafunga ofisi, uwaambie mwenye sauti yu hai na amekataa. Wakisema imeshaingia kwenye mashine, waandikieni barua kwamba familia imekataa, mtie sahihi wote wawili, na ya tatu atie mjomba wenu.

Ukitoka huko pitia kwake. Anatengeneza pampu za maji nyuma ya kile kinu cha unga, kibanda cha mabati chenye mlango wa bluu. Mimi... nimepita pale mara nyingi nikijifanya naangalia upande wa pili. Mwambie, dada anasema ulimwambia. Maneno hayo tu. Usiongeze. Akikufukuza, kaa nje umngoje, ametungoja sisi zaidi.

Na wewe, binti yangu, mke wa mwalimu bado yuko nyuma ya shule, nyumba ya mwisho. Usimwombe anisamehe, si haki kumbebesha na hilo. Mwambie niliambiwa kabla, na nililisoma nikijua. Akitaka kunitukana... sikiliza mpaka mwisho, upokee kwa niaba yangu.

Sogezeni vichwa. Mkono hauinuki, uinueni ninyi. Hivyo. Mungu awape riziki isiyowalazimu kusema msichokijua. Awape... awape ndugu wa kuwaambia msiyotaka kuyasikia, na msimfukuze. Mpendane. Yaliyo yangu mabaya msiyafiche, wasimulieni watoto wenu, wasije... wakadhani bibi yao alikuwa...

Nenda, mwanangu. Nenda, jua lingalipo.

Mlango msiufunge. Uacheni wazi hivyohivyo. Mjomba wenu akija... asipige hodi.