Masele Bujiku Mayala (1969–2025), Aliyesainishwa Kutoka Kabla ya Kuanza Kazi

Marehemu Masele Bujiku Mayala alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Mhunze, Kishapu, mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku Mayala na Mama Aneth. Alisoma shule ya msingi hapohapo, 1977 hadi 1983. Alifaulu, lakini ng'ombe wa nyumbani hawakuwa na mchungaji mwingine.

Tarehe 12 Septemba 1998 alifunga ndoa na Eunice Ndaki, wakajaliwa watoto watatu.

Alichimba dhahabu Mwakitolyo, kisha mwaka 2013 akaajiriwa kwenye mtambo wa kusaga mawe karibu na Geita. Aliondoka watoto wamelala, akarudi wamelala. Jumapili moja mwanawe Vumilia, akiwa mdogo, alimwamkia, "Shikamoo, mgeni." Akajibu, "Marahaba, mwenyeji wangu. Ugali upo?"

Pale mtamboni wafanyakazi walisaini kuingia na kutoka kwa mkupuo, saa moja asubuhi. "Saini zote mbili, mzee," msimamizi Valerian alimwambia kila mmoja. "Jioni nani atapanga foleni?" Daftari likaonyesha wametoka saa kumi jioni, ilhali walitoka saa mbili usiku. Februari 2022 Masele aliulizia malipo ya saa za ziada, akafukuzwa. Siku ya ishirini na moja baada ya kufukuzwa alifungua mgogoro kwenye tume ya usuluhishi wa kazi.

Usuluhishi ulishindikana, shauri likaenda kwenye uamuzi. Mwamuzi alimwonyesha daftari.

"Saini hizi ni zako?"

"Zangu, mheshimiwa."

Wakili wa kampuni alicheka. Ndipo Eunice alipotoa cheti cha hospitali: siku mkanda wa mtambo ulipomponda vidole, Masele alilazwa saa tano asubuhi. Daftari la siku hiyo lilisema ametoka saa kumi jioni.

"Labda alirudi kusaini," wakili alisema.

"Kwa vidole vipi?" Masele akamuuliza.

Septemba 2023 alipewa ushindi. Kampuni haikulipa, ilikimbilia Mahakama Kuu, na wakili aliyecheka akaanza kuugua kila shauri lilipotajwa. Inatia kinyaa. Masele ndiye aliyekuwa mgonjwa kweli: kifua kilichojaa vumbi kilimlaza mara nne, na ng'ombe wote wakauzwa kwa matibabu. Alifariki Jumatatu, 3 Februari 2025, mjini Geita.

Jana kampuni ilimtuma Valerian na shada la maua, bahasha, na ombi kwamba wasifu huu useme ilimlea marehemu kama mwanafamilia. Eunice alimjibu mbele ya waombolezaji, "Rudi navyo, Valerian. Mwambie bosi wako, wanafamilia huwa hawafanyiani hivyo."

Badala ya maneno hayo, kwa agizo la mjane, tunasoma yaliyothibitishwa na mwamuzi: saa za ziada elfu tatu mia saba arobaini na nne. Hizo nazo ni maisha yake.

Ameacha mjane, watoto Blessing, Vumilia na Mwigulu, na wajukuu wawili.

Mungu ampe pumziko jema. Shauri lake litatajwa tarehe 17 Machi. Mama Blessing atakuwepo.