Kegi la Sjur Halitoi Povu

Kwenye benchi la nje ya duka la ushirika, bondeni Voss, kahawa hunywewa kabla ya kazi na, mara nyingi, badala ya kazi. Alhamisi hiyo Sjur alifika amenyong'onyea. Jumamosi anamwoza bintiye Guro, na kwao baba wa bibi harusi asiyeleta bia ya mikono yake heri asilete hata uso. Jumatatu alipika, jana akaijaza kwenye kegi, pipa lake la chuma, asubuhi hii akafungua bomba.

— Vipi, povu? aliuliza Redio, mama asiyepitwa na habari.

— Hata la kuoshea kikombe hakuna. Tamu tupu, togwa!

— Ule ukelele wa kutia hamira ulipiga?

— Acha zako, Redio! Nani hapa bondeni anatia hamira kimyakimya? Bia ya kimya si ingelaza wageni usingizi?

— Kweli, nilikusikia. Ng'ombe wangu alipiga teke ndoo.

— Basi ulizidisha, alisema Profesa, mwalimu mstaafu. Hamira imeogopa, imejificha chini ya kegi.

— Kwani hamira ina masikio?

— Kama haina, unaipigia kelele ya nini?

Sjur alikuja na swali moja, sasa anayo matatu.

— Mi nasema ni chuma, alisema Redio. Babu yako alitumia pipa la mti. Hamira imesusa.

— Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka, Profesa akaongeza. Povu lilipanda, likashuka kwa aibu.

— Aibu ya nani?

— Ya bwana harusi. Si mtu wa mjini Bergen?

Kumbe bwana harusi mwenyewe, Eirik, alikuwa anatoka dukani na mikate.

— Shikamooni. Baba, samahani, hamira yenyewe uliitia kabla ya ukelele au baada?

Ukelele Sjur aliukumbuka, koo lilikuwa bado linamwasha. Aliwakumbuka majirani wakimpigia makofi dirishani, naye akiwapungia. Mkono wake ukimimina hamira, hakuukumbuka kabisa.

— Redio, we uliona?

— Mi nilisikia tu.

— Profesa?

— Nilipiga makofi.

Eirik akaweka mikate chini.

— Bia yenu huiva siku ngapi?

— Mbili, alisema Sjur kwa sauti ndogo.

— Basi inuka, baba, tukaichemshe upya. Safari hii kelele nipige mimi, wewe mimina.