Mwalimu Mellen Nyasuguta, Mama wa Watoto Wanne

Waombolezaji wapendwa, wazee wa ukoo, walimu, washiriki wa kanisa, majirani wa hapa Migori na ninyi mliosafiri kutoka Homa Bay, familia imemtuma Phanice Bonareri, binti wa marehemu, awasomee maisha ya Mwalimu Mellen Nyasuguta Arasa, nayo inawaomba uvumilivu, kwa maana kuna jambo ambalo baadhi ya wazee walitaka lirukwe, na marehemu mwenyewe aliagiza lisirukwe.

Mwalimu Mellen alizaliwa tarehe 12 Juni 1954 huko Kitutu, Kisii, mtoto wa tatu wa Mzee Arasa na Mama Bonareri, ambao walihamia Migori mwaka wa 1961 wakafungua duka la vitambaa. Alisoma shule ya msingi hapa Migori, akamaliza sekondari Homa Bay mwaka wa 1973, akahitimu ualimu mwaka wa 1975, kisha akafundisha hesabu na sayansi Sori, baadaye Rodi Kopany, na kuanzia 1988 hapa Migori, ambako wanafunzi wake wote wanajua kwamba jibu sahihi lisiloonyesha njia lilipata nusu ya maksi, hata kama mwenye jibu alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu.

Tarehe 19 Desemba 1976 alifunga ndoa na Bwana Elijah Mochama, mnunuzi wa omena, dagaa wa ziwani, na Mungu akawajalia watoto wanne, si watatu kama ilivyochapwa katika programu mliyoshika: Phanice, aliyezaliwa 1977, Jeff, 1980, Sammy, 1984, na Joyline Nyamusi, aliyezaliwa tarehe 2 Januari 1991 na kufariki tarehe 25 Agosti mwaka huohuo.

Katika ukoo wetu, mtoto aliyekufa akingali ananyonya hatajwi kaburini, kwa kuwa husemwa kwamba kumtaja ni kuwaita wengine wamfuate, na kwa sababu hiyo Mzee Kerosi, kaka mkubwa wa Bwana Elijah, alikwenda hospitalini mwezi uliopita kumsihi marehemu akubali mtoto asitajwe, akamwambia kwa upole, "Shemeji, sisi tunahesabu walioko." Mwalimu Mellen, ambaye wakati huo alikuwa hawezi hata kujigeuza kitandani, alimjibu, "Na siku hiyo ya mazishi mimi nami sitakuwepo, shemeji, sasa mtanihesabu vipi?" Mzee alicheka mpaka akafuta macho, lakini hakukubali, na ndiyo maana programu inasema watatu na msomaji anasema wanne.

Siku hiyo ya Agosti familia ilikuwa ikirudi kwa gari kutoka makambi ya kanisa, watoto watatu wakiwa nyuma, na Mwalimu Mellen mbele kando ya mumewe, akiwa amempakata Joyline kama kila mama wa huku anavyompakata mtoto, ila yeye, kwa uangalifu wake, aliuvuta mkanda wa usalama ukawazunguka yeye na mtoto pamoja, akidhani amefunga wawili. Baada ya Rodi Kopany, kuelekea Rongo, walikuta trela la miwa limesimama barabarani bila alama yoyote, Bwana Elijah akafunga breki lakini hazikutosha, na wote walitoka na michubuko isipokuwa mtoto, ambaye, kama daktari alivyoeleza, alibanwa kati ya mkanda na uzito wa mama yake mwenyewe.

Yaliyosemwa kisimani na sokoni baada ya hapo wengi wenu mnayajua, na baadhi yenu mliyasema, kwamba Mellen amemuua mtoto kwa usomi wake, kwamba angemshika tu kwa mikono kama wenzake. Hakuyajibu, bali alitafuta Sheria ya Trafiki akaisoma ukurasa kwa ukurasa, na kadiri alivyoisoma, ilijua matairi, ilijua taa, ilijua breki, ilimjua mtu mzima na mkanda wake, lakini haikusema mtoto mchanga akae wapi, wala kwenye kiti cha namna gani.

Mwaka wa 1994 alikwenda kumwona afisa mmoja wa trafiki, ambaye alimsikiliza kisha akasema, "Mwalimu, watu wanalala njaa, wewe unataka kiti cha mtoto?" naye akamuuliza, "Afande, huo mkanda wa mtu mzima uliingia kwenye sheria tukiwa tumeshiba?"

Wale waliosema mikono ya mama inatosha aliwajibu siku ya soko, Rodi Kopany, mwezi wa Aprili 1995, kwa kuomba mtu mwenye nguvu ajitokeze, na akajitokeza Bwana Nchagwa, mpagazi, ambaye yuko nasi hapa leo, akapewa kifuko cha unga cha kilo kumi, akafungwa mkanda kwenye kiti cha mbele, akapaza sauti watu wamsikie, "Mwalimu, mimi hubeba gunia zima la mahindi, hiki si ni kitoto tu!" Mwalimu akamwambia, "Ndiyo, ni kitoto. Kishike." Bwana Elijah, ambaye hakuwa ameshika usukani tangu ajali, aliendesha kwa mwendo wa baiskeli inayoteremka, akafunga breki ghafla, na kile kifuko kikamtoka Bwana Nchagwa mikononi, kikapasukia kwenye kioo, na soko zima, lililokuwa likicheka, likamwona akishuka mweupe kwa unga, akitazama viganja vyake.

Lakini marehemu hakutosheka na kiti chochote tu, kwani viti vya mitumba vilikuwa vimeanza kuuzwa, vingine vina nyufa, vingine mikanda yake imekatwa kufungia mizigo ya baiskeli, na kina mama walivitumia kulishia watoto uji. Alidai sheria iseme kiti kilingane na uzito wa mtoto, kiwe na mikanda ya mabegani na ya katikati ya miguu, kifungwe imara kwenye gari, kisiuzwe kikiwa na ufa, na mtoto asifungwe kamwe mkanda mmoja na mtu mzima. Alikiri kwamba kuhusu matatu, magari ya abiria, hakuwa na jibu kamili, akasema kukosa jibu la swali la mwisho si sababu ya kuacha la kwanza, na magari ya serikali na ya watu binafsi yaanze.

Ombi lake, lililotiwa saini na vidole gumba vya kina mama kutoka Sori hadi Kisegi, lilipelekwa kwa waheshimiwa mwaka wa 1997, wakati wa kampeni, na kila aliyelipokea aliahidi kulifikisha Bungeni, na hadi leo halijafikishwa.

Mwezi wa Agosti 1998 alipatikana na saratani ya matiti, akatibiwa Homa Bay, akaendelea kusahihisha mitihani kitandani hadi Novemba, na tarehe 14 Machi 1999 akalala, mumewe na watoto wake wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliopika na kukesha, walimu wenzake waliobeba vipindi vyake, na Bwana Nchagwa, ambaye tangu siku ile ya unga amesimama na marehemu katika kila mkutano bila kuitwa. Hatuna shukrani kwa walioahidi.

Wageni wa heshima watakaosimama baada ya historia hii wanaombwa wasituambie kwamba Mwalimu alikuwa mama mwema, hilo tunalijua, bali kila mmoja aseme hapa, kabla ya jeneza kushushwa, kama atalipeleka ombi lake au hatalipeleka, na akikataa aseme wazi, tumsikie, nasi tutawapa wengine walipeleke.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, nasi tutabaki macho.