Msuko wa Mama

Ndani ya basi, kando yangu, binti aliyekuwa anakwenda kufanya mtihani wa kuingia chuo cha udaktari alimkaririshia shangazi yake somo: “Nywele ni protini, shangazi. Zikishakatwa hazikui tena.”

Shangazi akafungua kitambaa, akatoa msuko mweusi. “Huu nilimkata mama yako kabla hajazikwa. Ulikuwa wa urefu wa kiganja. Hebu pima.”

“Umenyooka tu.”

“Haya, msomi. Pima.”

Binti akaulaza mkononi. Ukapita kiwiko. Mimi shule niliikimbia mapema, lakini hapo sikuhitaji mwalimu. Nikasogeza goti langu mbali.

“Sasa nikiulizwa niandike nini?”

“Andika ya kitabuni, ufaulu.”

Basi likasimama mlangoni pa chuo. Watahiniwa wenzake wakashuka mbio. Yeye alikuwa bado anapima.