Ersilia Bonfatti, Mshonaji wa Melimeli

Shangazi yetu mpendwa, Ersilia Bonfatti, alizaliwa Poggio Mirteto tarehe 9 Machi 1938. Masista wa Rieti walimfundisha kusoma, na kushona nguo za madhabahuni.

Mwaka 1961 alihamia Roma kushona mavazi ya filamu zile za mapenzi ya enzi za wafalme, ambazo paroko alitukataza: vioo vya dhahabu, vitanda vya mapazia, na wanawake waliovaa melimeli, kile kitambaa chepesi cha pamba, mwanga wa mishumaa ukipenya hadi mwilini.

"Nasikia watu wenyewe wako uchi," mama yake alimwambia.

"Basi hicho kidogo walichovaa nimeshona mimi, Mama."

Alifunga ndoa na Nazzareno, fundi taa, tarehe 4 Juni 1966.

Novemba 1974, katika jumba moja karibu na Viterbo, mwongozaji aliagiza mishumaa isogezwe kitandani.

"Bwana, kitambaa hiki kinashika moto kama karatasi."

"Wewe mama shona. Mwanga niachie mimi."

Hakubisha zaidi, asije akafukuzwa. Lakini alilowesha blanketi, akasimama nalo nyuma ya pazia. Mara pindo la gauni la Loredana, mwigizaji kijana, likashika moto. Binti yule aliyelipwa avue nguo mbele ya kamera akaling'ang'ania gauni linaloungua: "Usinivue mbele yao!" Shangazi alilichana kwa mikono mitupu, akamfunika. Loredana alipona. Picha zile zilitumika, na watu wakasifu uzuri wa mwanga.

Vidole vya shangazi vilipona vikiwa vimekunjamana, hofu haikupona. Nazzareno alivutia sigara barabarani, hata kwenye theluji. Siku ya komunyo yangu ya kwanza, mshumaa uliposogelea shela yangu, shangazi alinivua shela hiyo mbele ya askofu. Nilitaka kumfokea, nikamwona midomo imemkauka, nikamkumbatia.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2010. Tarehe 21 Januari 2012, hospitalini, Loredana alikuwa kando yake.

"Nasikia harufu ya moshi."

"Hakuna moto, Ersi."

"Nenda ukatazame."

Loredana alikwenda, akafungua mlango mmoja baada ya mwingine. Aliporudi, shangazi alikuwa amekwisha kata roho.

Ameacha mume, Nazzareno, binti, Mirella, na wajukuu, Tullio na Agnese. Loredana ameomba atajwe kama mdogo wake, nasi tumekubali.

Mungu ampe pumziko lisilo na hofu.